Habari Iliyotangulia Simu

Kaeni, wanangu. Binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, vuta kile kigoda hapa karibu na mto wangu wa kulalia, uishike hiyo simu usawa wa kidevu changu, si juu ya pua, sijafa bado nichunguzwe puani. Na wewe dereva, mwanangu wa pili, acha kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kudai, ingia ukae hapa kitandani, miguu yangu siku hizi haichukui nafasi. Na wewe shemasi, rafiki yangu wa tangu meno yetu yalipokuwa yametimia, kinyozi wa mtaa mzima, wewe ambaye washirika wamekupa jina la Kengele kwa sababu ukiguswa kidogo tu unalia, kaa pale dirishani, na simu yako iweke mezani, kifudifudi. Mezani, nimesema, si mapajani. Haya, ahsante.

Binti, imeanza kurekodi? Sekunde zinakimbia? Ziache zikimbie, hata zangu zinakimbia.

Leo ni Jumamosi, na saa hizi washirika wameshaanza kuchungulia simu zao, mmoja yuko jikoni, mwingine yuko kwenye foleni ya maji, mwingine amelala wodini na simu ameiweka chini ya mto, wote wanasubiri salamu za mchungaji. Nimewapa salamu hizo kila wiki, mvua inyeshe jua liwake, habari za kanisa kwanza na neno la kuwatia moyo baadaye, na leo nitawapa tena, ila humo humo nitauweka na wosia wangu kwenu, kwa kuwa pumzi niliyobakiza haitoshi kugawanywa mafungu mawili. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Ni kijana mwenye adabu, hakusema umekwisha, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Nimezika watu wa kutosha kuijua hii baridi inayopanda kutoka vidoleni mwa miguu.

Na kinachonizuia kwenda mnakijua. Mdogo wenu hayupo. Fundi lifti wetu, kitinda mimba wangu, hajakanyaga nyumba hii tangu tulipomzika mama yenu, na sauti yake sijaisikia tangu siku hiyo. Hajui kama naumwa. Wewe binti umetaka kumpigia tangu nilipoanguka pale mimbarini siku kanisa likiwa tupu, nikakuzuia, ukaninunia, ukaninywesha uji bila kuniangalia usoni. Na Kengele tangu jana vidole vinamwasha, anataka kuwatangazia washirika kwamba mchungaji yu hoi, nikamwambia akithubutu nitafufuka hata kabla sijafa. Si kiburi, wanangu. Nilitaka habari hii mdogo wenu aipate kinywani mwangu mimi mwenyewe, na kila nikifungua kinywa sipati pa kuanzia. Mimi niliyewaliwaza wajane na yatima na waliofukuzwa kazi, kwa mwanangu mwenyewe sina hata sentensi ya kwanza. Waliosema kinyozi hajinyoi waliona mbali. Usicheke, Kengele, leo sikusemi wewe.

Basi nitaanza na ya kwenu, huenda ulimi ukishapata moto utaniletea na la kwake.

Sikilizeni. Hizi salamu watu wanazosifu kwamba ni kipaji cha mchungaji, mwenye nazo ni mama yenu. Zamani, kanisa letu lilipokuwa bado linapanga kwenye karakana ya seremala na watu wanarudi nyumbani na maranda kwenye nguo, nilikuwa kila Jumamosi napanda baiskeli kuwatembelea wasioweza kuja, wagonjwa, wazee, mama aliyejifungua, na nikifika nilikuwa nasoma Neno, naomba, naondoka. Siku moja mama yenu akanishika mkono pale ukumbini penye cherehani yake, sindano iko mdomoni, akaniambia, "Baba watoto, hivi yule bibi wa ng'ambo ya reli umemwambia kwamba mjukuu wake ameota jino?" Nikasema sijamwambia. Akasema, "Ndiyo maana hakuitikia amina yako. Mtu akilala kitandani mwezi mzima kinachommaliza si ugonjwa peke yake, ni kutojua kinachoendelea huko nje. Wewe unaingia unamtupia Neno kama anayewatupia kuku mahindi. Mpe habari kwanza. Akishajua nani amezaa na nani amegombana na nani, hapo masikio yatafunguka, na hilo Neno lako litapata pa kuingilia."

Tangu hapo tukagawana kazi. Yeye alikuwa anakusanya habari hapo kwenye cherehani, maana mtu anayepimwa kiuno hawezi kuficha kitu, na mimi nilikuwa natafuta la kuwatia watu moyo. Simu zilipoingia, miguu yangu nayo ikaanza kugoma, tukahamia kwenye ujumbe wa sauti: mimi kwenye kiti, simu mezani, yeye ameondoa mguu kwenye kanyagio ili nisemee kwenye utulivu. Mara nyingine alikuwa anasahau, mguu unaanza wenyewe, taratibu, katikati ya maombi. Nikataka kurekodi upya. Washirika wakaniambia, mchungaji, usirekodi upya, ile sauti ya cherehani inatufanya tujione tumeketi nanyi. Sasa hivi nikizungumza husikii kitu nyuma yangu. Kila Jumamosi ninaposema "bwana asifiwe, ndugu zangu", nasubiri kidogo, na ninajua ninachosubiri, na hakiji. Wanangu, nina hamu na mama yenu. Sina namna nyingine ya kulisema hili, na sitaki kulipamba.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa mazoea, wanangu, yana taabu. Tulipozoea kutoa habari, habari ikaanza kuwatangulia wenyewe, na mwanzoni ilikuwa ni kicheko. Mnakumbuka yule binti wa mwashi, alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi, akamnong'oneza mama yenu akiwa anashonewa sketi, nami kwenye salamu za Jumamosi hiyo nikalitangaza kwa shangwe bila kuuliza. Baba yake akalisikia akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, akashuka na mwiko mkononi, saruji bado mbichi, akaja mbio mpaka uwanja wa kanisa akicheza peke yake kama amepandwa na wazimu wa furaha, na binti naye analia kwamba alitaka amwambie baba yake mwenyewe wakati wa chakula. Tukacheka sote. Tukamwambia binti, habari njema haina mwenyewe. Hapo ndipo tulipokosea njia, kwa kuwa kila kitu kina mwenyewe, hata habari njema, sembuse ile nyingine.

Mama yenu aliondoka alfajiri, na siku hiyo nayo ilikuwa Jumamosi. Haya mnayajua, lakini wacha niyaseme kwa mpangilio, kwa sababu kila mmoja wenu ana kipande chake na hakuna aliyewahi kuviunga. Wewe binti ulibaki hospitali kufuatilia mwili, ukiwa umesimama kwenye lango la nje, unampigia mdogo wako na simu haipiti. Wewe dereva ulikuwa njiani na lori, umeegesha kwenye kituo cha mafuta, unalia kwenye usukani. Mimi Kengele alinirudisha nyumbani, akaniketisha kwenye kile kiti, na saa ya salamu ikafika. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikaiweka simu mezani kama kawaida, nikasema bwana asifiwe, nikasema mabati ya upande wa kushoto wa kanisa yameanza kuvuja na mafundi watakuja Jumatatu, nikasema mazoezi ya kwaya yamesogezwa, kisha nikasema, na mama mchungaji, mke wangu, amelala alfajiri ya leo, mtuombee. Nikaendelea na neno la kutia moyo. Nililiendeleza mpaka mwisho, wanangu, na lilikuwa neno zuri, na Kengele akautuma ujumbe kwenye kundi la washirika kama anavyofanya kila wiki, kwa sababu hakuna aliyemwambia asitume.

Na mdogo wenu alikuwa huko kwenye jiji lake, ndani ya jengo refu, anaingia kazini. Alikuwa na desturi yake. Alikuwa anaiwasha simu na kuupokea ujumbe wangu pale chini mlangoni, penye mtandao, halafu anapanda na zana zake juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, kule kusikopatikana simu, anaweka vile vijiti vya kusikilizia masikioni, na anafanya kazi huku baba yake anamsimulia habari za nyumbani. Kwa hiyo simu za dada yake hazikumpata, ila sauti yangu alikwenda nayo mwenyewe mpaka juu. Mwenzake wa kazi ndiye aliyetusimulia. Alisema alimwona amezima tochi, akakaa juu ya lile paa gizani, kamba ya usalama iko kiunoni, na hakushuka mpaka mchana ukapinduka.

Mazikoni alisimama nyuma kabisa, kwenye watu baki. Tulipokuwa tunatoka makaburini nikamfuata, nikataka kumshika bega, akanigeukia, hana hata chozi, akaniambia kwa adabu zote nilizomfundisha, "Baba, mimi kifo cha mama yangu nimekisikia baada ya habari ya mabati." Basi. Hakupaza sauti, hakutukana. Kesho yake simu ikatuonyesha kwamba ametoka kwenye kundi la washirika, na kwenye nyumba hii ndiyo ikawa kutoka kwake.

Sisemi haya ili nijitetee, wala sijilaumu kwa namna mnayotaka kunituliza, kwa hiyo binti acha kutikisa kichwa, simu inatikisika nayo. Nasema ili muelewe kwamba kijana hakukosa heshima. Aliumizwa. Na aliyeumizwa na mtu anayempenda hukimbilia mbali zaidi kuliko aliyeumizwa na adui.

Kwa hiyo sasa nageukia kwako, dereva. Nitazame. Siku ile ulimfuata mdogo wako mpaka kituo cha mabasi, na ukamwambia kama kazi yake ni kumtia mzee uchungu asirudi tena hapa. Ulifikiri sikujua? Kengele alikuwa hapo kituoni, na anachokijua Kengele nakijua mimi. Ulisema kwa kunipenda mimi, najua, wewe ni mtu wa maneno machache, na mwenye maneno machache hachagui, hutoa lililo karibu. Lakini umekuwa unapita jijini kwake kila mwezi na mzigo, unalala kwenye lori mtaa wa pili kutoka anapokaa, na hujawahi kugonga mlango wake. Ligonge hilo geti, baba. Usiende na maneno, huna. Nenda na njaa, mwambie naomba chakula. Wagombanao ndio wapatanao, na ninyi mlinyonya ziwa moja.

Na kile kiwanja cha kule nyuma ya tanuri la matofali, chenye vile vyumba vitatu ambavyo nimevijenga kwa miaka mingi kuliko hekalu, ni chenu watatu, chumba kimoja kimoja. Nilisikia mkisemezana jikoni kwamba kile chenye dirisha la barabarani kipangishwe, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Najua inavyosemwa, asiyekuwepo na lake halipo. Mimi mchungaji wenu nawaambia msemo huo katika nyumba yangu haufanyi kazi. Chumba kile ni chake. Kitieni dirisha vioo, kipigeni chokaa, mkiache kitupu, na msiweke humo magunia yenu wala matairi. Nyumba hii tunamokaa ni ya kanisa, mnajua, akija mchungaji mpya mkabidhini funguo, mfue mapazia, msimnung'unikie mke wake akibadilisha kila kitu, maana mama yenu naye alipoingia humu alihamisha mpaka mlango. Baiskeli yangu mpeni mwinjilisti. Suti ya kijivu nizikeni nayo. Ile nyeusi ni nzuri mno kuoza, mpeni Kengele, ameitamani tangu ikiwa dukani.

Na mwalimu wa kwaya. Haya, cheka, lakini andika moyoni. Hajanisalimia kwa mkono tangu nilipomkata katikati ya wimbo kwa sababu jua lilikuwa linazama na bado yuko ubeti wa pili. Mwambieni siku ya kunizika aimbe wimbo wote, beti zote, arudie na kiitikio mara anayotaka. Siku hiyo sitakuwa na haraka.

Cherehani ni yako binti, nayo huna haja ya kuambiwa, umeshaikalia. Lakini na hizi salamu ni zako. Usishtuke. Si mchungaji mpya, atakuwa na zake, na si Kengele, Mungu atuhurumie. Wewe ndiye uliyerithi sikio la mama yako. Wape watu habari kwanza. Mgonjwa mtaje kwa kazi yake, useme fundi saa wetu, dada yetu wa duka la vitabu, ili watu wamkumbuke akiwa mzima, usimtaje kwa ugonjwa wake. Usimsifu aliyetoa sana, wala usimchambe aliyekosa ibada, mtu aliyekosa ibada anajijua. Sema kwa ufupi, usinifuate mimi ninayesema "namalizia" kisha naanza upya, mdogo wenu alikuwa kila Jumamosi ananitumia jibu, "Baba, leo umemalizia mara nne, hongera." Alikuwa ananihesabia, mwana huyu. Nilikuwa natamani salamu ziishe haraka ili tu nisikie ananichokoza, na hakuna mshirika aliyejua kwamba mchungaji wao anakimbiza maombi kwa sababu hiyo.

Na moja la mwisho katika hilo, lishike kuliko yote. Habari ya msiba usiitoe mpaka wenyewe wawe wamejua. Uulize, nani ni wa kwanza katika hili? Yuko wapi? Ameketi au amesimama? Ana mtu pembeni yake? Hata washirika wakikusumbua, hata minong'ono ikiwa imeshajaa mtaani, wewe nyamaza. Ulimi hauna mfupa, lakini mwenye ulimi anao uti wa mgongo.

Ngoja. Ngoja kwanza nipumue.

Sasa habari za wiki, zisiniishie mdomoni. Mjane wa seremala ametoka hospitali, anatembea kwa fimbo, na anasema fimbo hiyo hairudishi kwa sababu ameona inafukuza mbuzi vizuri. Mabinti pacha wa mama wa mgahawa wamefaulu wote wawili, na safari hii nimeuliza, mama yao anajua. Fundi saa bado hajapata kazi mjini, anayesikia duka linalohitaji mtu ampigie. Vijana wameomba kupaka rangi ukuta wa nje, na wamechagua rangi ambayo mimi sitaki kuiona, kwa hiyo Mungu kanitengenezea njia.

Na neno la kuwatia moyo, ndugu zangu. Nilikuwa nimeliandaa jingine, refu, lakini nimelala hapa siku kadhaa naangalia dari, na nimeona kwamba katika maisha yangu yote ya uchungaji nimewahubiria watu kuvumilia kungoja. Nimemwambia tasa angoje, aliyeachwa angoje, mgonjwa angoje. Nilikuwa nalisema mbio mbio. Sikujua kungoja kulivyo. Kungoja ni kusikia pikipiki inapita nje ukanyanyua kichwa. Ni kumuuliza binti yako, nani huyo aliyepiga simu, halafu ukajifanya hukuuliza. Ni kila akiingia kijana mrefu kanisani, amechelewa, ameinama kwenye mlango ule mfupi, unapoteza mstari uliokuwa unausoma. Kila Jumamosi nimezungumza na watu wengi, ndugu zangu, na katika wote hao nimekuwa namtafuta mmoja ambaye najua hayumo. Kwa hiyo anayengoja leo simwambii avumilie. Namwambia pole. Namwambia niko naye kwenye benchi moja, asogee kidogo tukae wote.

Siioni simu vizuri. Binti, unalia? Lia tu, mama, lakini usiiangushe.

Kengele. Umenyoosha mkono mezani. Nimekuona. Unataka binti akishamaliza akutumie, nawe utume kwenye kundi kama kawaida, kwa sababu washirika wanasubiri na saa imepita. Rafiki yangu, umenitumia salamu zangu miaka yote hii bila kukosa hata wiki moja, na kama kuna thawabu ya vidole mbinguni vyako vitavikwa dhahabu. Leo usitume.

Binti, zima. Futa.

Futa yote, nimesema. Wosia mmeusikia kwa masikio yenu, mpo wawili na shahidi yupo, na mdogo wenu mtamweleza cha kwake ana kwa ana. Habari za wiki utazisema wewe jioni, kwa sauti yako, washirika waanze kuizoea. Kuhusu mimi usiwaambie chochote. Wasubiri. Wao si wa kwanza katika hili.

Sasa nimeipata, ile sentensi. Ilikuwa hapa hapa. Dereva, nishike mgongo, niinue... hapo. Hapo panatosha. Anza tena, binti. Si kwenye kundi. Kwenye namba yake, yeye peke yake.

Imeanza?

Mwanangu. Ni baba. Kama uko kazini, kama uko kule juu... zima hii kwanza. Ushuke. Utafute mahali ukae, na mtu wa kuwa karibu nawe, halafu ndipo unisikilize. Mimi nipo. Nakusubiri ushuke.

Umekaa?

Habari ni moja tu, mwanangu. Sijamwambia mtu mwingine... dada yako na kaka yako wameiona kwa macho, lakini kuambiwa, wewe ndiye wa kwanza. Baba yako anaumwa, na hatapona. Na ana hamu na wewe. Ana hamu na wewe sana.

Mungu akulinde unapopanda, akulinde unaposhuka. Akupe mke mwenye maneno mengi... na watoto wakuchokoze. Nilikubariki ulipozaliwa, nimekubariki kila Jumamosi bila wewe kunisikia, na leo nakubariki unanisikia.

Kama hutaki kuja, usije, baba. Lakini piga. Dada yako ataniwekea simu sikioni.

Sina habari nyingine.